Mama Prof na Ukoo wa Muhogo Uliooza

Kompyuta yake Mama Prof aliibeba mgongoni, imefungwa kwa kitenge cha maua mekundu, kama mtoto. Barabara zetu za Kasongo zinajulikana: kiangazi ni vumbi, na mvua ikinyesha motari, mwenye pikipiki ya abiria, anakupitisha kwenye mashimo mpaka meno yanagongana. Begi alikuwa nalo, lakini alisema begi halikumbatii. Siku moja motari mmoja mgeni, kijana aliyetoka Salamabila, alimwuliza kwa adabu, "Mama, mutoto iko analala?" Naye akamjibu bila kucheka, "Iko analala. Ataamuka akipata umeme."

Umeme huo ulikuwa wangu. Nina duka dogo karibu na soko. Nachapa barua, natoa fotokopi, nachaji simu za watu kwa sola zilizoko juu ya bati. Yeye alikuwa mwalimu wa biolojia kwenye sekondari ya jirani, na sisi sote, aliotufundisha na asiotufundisha, tulimwita Mama Prof. Bado yupo, Mungu amweke. Kwa miaka mingi kiti cha kona, kile chenye mguu uliofungwa waya, kilikuwa chake. Wateja walimkuta pale, miwani kwenye ncha ya pua, akitazama herufi nne zilezile zikijirudia kutoka juu ya kioo hadi chini, bila neno hata moja linalosomeka. Wakanivuta pembeni kuuliza kama ile ni dawa au ni sala. Nikawaambia, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba ni jeni. Sikuwa naelewa sana, lakini nilikwishaanza kujivuna kwa niaba yake.

Kuelewa kulikuja polepole, kwa sababu Mama Prof hakuweza kukaa karibu na mtu bila kumfundisha. Kila chenye uhai, alisema, kina maandishi ndani yake, marefu mno, na yameandikwa kwa herufi nne tu. Herufi zinasomwa tatu tatu. Kila tatu zinaagiza punje moja, punje zinaungana kama shanga kwenye uzi, na uzi ule unajikunja wenyewe mpaka unapata umbo. Hiyo ndiyo protini, na protini ndiyo inayofanya kazi: inajenga, inakata, inabeba. Mtu anaweza kusoma mstari mmoja wa herufi hizo, labda na wa pili, kisha macho yanaanza kumdanganya. Kompyuta inaipanga mistari mingi sana sambamba na kuonyesha mahali inapotofautiana. "Masini haina akili kunipita," alisema. "Iko tu na macho yasiyochoka."

Mama mmoja anayeuza mawese alikuja kuchaji simu, akaona kwenye kioo utepe wa kijani na wa bluu uliojipinda vizuri, unazunguka polepole. Akauliza ni pambo gani. Mama Prof akamwambia ni protini, koti ambalo virusi fulani vya muhogo huvaa, na kwamba kompyuta imekisia umbo lake kutokana na herufi tu.

"Koti muzuri vile, na inaua muhogo?"

"Hata mwizi anavaa, mama."

Shuleni aliogopwa kwa jambo moja. Wanafunzi wakinakiliana kwenye mtihani, walimu wengine walijua tu kwamba kuna wizi. Yeye alijua nani amenakili kwa nani. Binti yangu Amina aliwahi kuandika kwamba moyo wa chura una mlango upande wa mgongo, jambo ambalo hakuna kitabu kinachosema, na wenzake kadhaa wakaandika vilevile. Mama Prof akazitandaza karatasi kwenye meza yangu. Huyu ana kosa la chura peke yake. Huyu ana la chura na ameongeza lake. Yule ana la chura, na lile lililoongezwa, na jingine jipya juu yake. Akazipanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, akataja majina, na kesho yake wote wakakiri. Amina alikuwa wa pili. Nilipouliza ni uganga gani huo, akanipa msemo wake ambao mpaka leo watu wa mtaa wetu wanautumia hata kwenye kesi za mbuzi: "Makosa ndiyo inasema ukweli. Jibu ya sawa kila mutu anaweza kuipata peke yake."

Hakuwa malaika. Alikuwa na subira ya ajabu kwa kompyuta, na kwa binadamu hakuwa nayo kabisa. Angeweza kukaa mchana kutwa akingoja faili ishuke kwa mtandao wetu unaokatika kila wingu likipita, bila hata kusonya, lakini mwanafunzi akichelewa kujibu swali, yeye alikwishalijibu. Aliimba kwenye kwaya ya parokia kwa sauti inayotafuta njia yake yenyewe, na mwongozaji hakuthubutu kumwambia. Sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, iliungua kila mara alipoiacha jikoni akaja kuchungulia matokeo. Mume wake, mtu mpole, alikuwa akipita dukani na kusema tu, "Prof, nyumba inanuka moshi," kisha anaenda zake.

Kuna bwana mmoja aliingia siku moja, akafunga mlango nyuma yake, akamwomba ampimie mtoto wake kwenye kompyuta, kwa sababu pua ya mtoto haikumpendeza. Mama Prof alimwangalia mpaka yule bwana akaanza kuhesabu misumari ya ukutani. "Hii masini inasoma virusi ya muhogo," akamwambia. "Haisome wivu. Rudia kwako, ukashukuru bibi yako." Mtoto huyo sasa ni mkubwa, na pua ni ya babake wazi kabisa.

Alisoma Kisangani, akapata shahada, na wenzake wakatawanyika kwenda Kinshasa na mbele zaidi. Yeye akarudi. Watu walidhani amefukuzwa, maana kwetu anayerudi lazima awe na sababu. "Ugonjwa iko huku," alisema. "Mie nikae kule nikimbize nini?" Nikamuuliza kama mtu anaweza kufanya kazi ya wataalamu akiwa Kasongo. Akanionyesha ghala moja kwenye mtandao ambako wataalamu wa nchi zote huweka maandishi ya jeni wanazosoma, na yeyote anaruhusiwa kuja kuyalinganisha na ya kwake. Akaandika neno moja, akabonyeza, na pale, kati ya majina ya miji nisiyoweza kuyatamka, nikasoma jina Kasongo. Ni yeye aliyeliweka. Niliita watu kutoka barabarani waje kuona, na wengine hawakuona cha maana, lakini mimi niliona.

Sasa niseme ya Wamaza, maana kumsifu Mama Prof bila kusema ya Wamaza ni kupakua mchuzi ukaacha nyama.

Mimi ni mtu wa huko. Mama yangu, Mama Zaina kama wanavyomwita huko, bado anaishi Wamaza, mjane, kwenye shamba lake mwenyewe. Kwetu binti akiolewa haendi ukweni mikono mitupu: anabeba vijiti vya muhogo, ndiyo mbegu. Anakatiwa na mwanamke anayemheshimu, na akifika anavigawa kwa majirani kabla ya kupanda vyake. Majirani nao wanagawia wengine. Vijiti haviuzwi, na anayeomba hanyimwi. Katika kugawa huko hakuna aliyempita mama yangu. Alikuwa na kile tunachokiita mkono mzuri, na wanawake walitoka mbali kuja kukatiwa naye.

Kisha muhogo ukaanza kuoza. Juu majani yalikuwa yamesimama, pengine na manjano kidogo tu. Ukichimba, ukikata mzizi, ndani ni kahawia, mkavu, mchungu, hata mbuzi anageuza kichwa. Wanawake wakaulizana kila mmoja alipata wapi vijiti. Wengi wakajibu: kwa mama yangu. Kwanza walisema mkono wake umechoka. Baadaye wakasema umeharibika. Mwishoni likatoka lile neno la uchawi, ambalo likimshika mwanamke mzee asiye na mume halimwachi mpaka ahame au azikwe. Shefu, ndiye mkuu wetu wa jadi, akasema kiangazi kikianza ataita watu wote, waamue kama mama abaki na shamba au aondoke Wamaza.

Nilipokwenda kumwona, nilimkuta amekaa mlangoni, jembe limeegeshwa ukutani. "Salamu wanaitika," aliniambia, "lakini wanaitika wakiwa wanaenda." Niliumia sana. Nikarudi Kasongo, nikamweleza Mama Prof kila kitu pale kwenye kiti chake cha kona. Hakunipa pole. Alifunga kompyuta, akasema, "Tutaenda kutafuta makosa."

Akaenda Wamaza kwa moto, ndiyo pikipiki, akapita shamba kwa shamba, anachuma jani, analikausha kati ya karatasi, anaandika limetoka kwa nani. Walimpokea vizuri, kwa sababu walidhani amekuja kuthibitisha wanalolijua. Aliporudi alichuma na huku mjini, hata kwenye bustani ya shule, ambako alikuwa na muhogo mrefu wenye majani mapana ambao wageni wote walitembezwa kuuona. Nikamwambia ule mzima, wa nini kuusumbua. "Mutu hasahihishe kopi ya wengine akaficha yake," alijibu.

Majani yalisafiri hadi maabara ya mji mkubwa, kwa mwenzake waliyesoma pamoja, na siku nyingi baadaye herufi zikarudi kwa barua pepe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kompyuta na kwa nini chura. Virusi, alinieleza, kazi yake ni kujinakili. Kila anaponakili maandishi yake, mara moja moja anakosea herufi, na kosa hilo anawarithisha watoto. Mwenye kosa la kwanza peke yake ni wa mbele. Mwenye hilo na jingine juu yake anatoka kwake. Kompyuta ikilinganisha majani yote, inachora mti wa ukoo: nani amezaa nani, kutoka shina hadi vitawi vya mwisho.

Mti ulitokea mchana, duka likiwa na wateja. Nilijua umetokea kwa sababu aliacha kutikisa mguu. Akavua miwani, akaifuta, akaiagiza kompyuta ianze upya kwa njia nyingine ya kuhesabu. Akangoja. Ukatoka mti uleule.

"Papa Amina," aliniita. "Virusi ya shamba ya mama yako iko na makosa yote ya wale wa mbele. Haikuanzia kwake. Alipokea sawa wengine."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wateja wakageuka. Kisha nikauliza ilianzia kwa nani, na sikuuliza kwa wema. Nilitaka jina. Mama Prof akanigeuzia kioo. Kwenye shina, pale matawi yote ya Wamaza yanapochipukia, palikuwa pameandikwa bustani ya shule.

Ilinichukua muda kukumbuka. Mwanafunzi wake mmoja aliolewa Wamaza, nyumba inayopakana na ya mama yangu. Mama Prof alialikwa kama mama wa shule, na kwa kuheshimu desturi yetu, ambayo si ya kwao, alikata vijiti vizuri kuliko vyote bustanini, akavifunga mbele ya pikipiki, akampelekea bibi harusi. Bibi harusi akawagawia majirani. Jirani wa kwanza alikuwa mama yangu. Muhogo ule wa majani mapana ulikuwa mgonjwa chini ya ardhi, na shuleni hakuna aliyewahi kuuchimba, kwa kuwa ulikuwa wa kutazamwa.

"Kopi ya kwanza ni yangu," alisema.

Nikamwambia aseme tu kwamba mama yangu hana kosa. Inatosha. Hakuna Wamaza atakayeuliza zaidi, na jina lake litabaki safi.

"Nikiwapa nusu, watatafuta mutu mwengine wa kubebesha," alisema. "Labda ule bibi harusi. Ni mutoto wangu ule." Akaifunga kompyuta ndani ya kitenge, akaniomba nimtafutie motari mwenye breki.

Siku ya mkutano watu walijaa uwanjani kwa shefu. Mama yangu alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka, na pengo pande zote. Mama Prof aliweka kompyuta juu ya kiti, akaanza na habari ya wanafunzi na chura, watu wakacheka, kisha akawaonyesha mti. Aliyeuelewa kwanza alikuwa mwanamke mmoja mnene aliyekuwa mstari wa mbele, wa wale waliokuwa wakisema sana. Akasogea, akaweka kidole kwenye tawi.

"Hii shamba ni ya dada yangu. Na hii ya chini ni ya binti yake. Alibeba miti ya muhogo wakati aliolewa."

Mwingine akasimama. "Basi hii ni ile tulichukua siye." Wakaja wengine, wanasukumana, wanasoma ndoa zao kwenye kioo: huyu aliolewa wapi, yule alimgawia nani. Kompyuta haikuwa imeambiwa ndoa hata moja. Ilisoma makosa ya virusi tu, na makosa yalikuwa yamefuata mabibi harusi njia kwa njia. Shefu, mzee asiyependa kushangaa mbele za watu, aliuliza ni nani aliyeipa mashine siri za nyumba za watu.

"Muhogo ndiyo ilisema, shefu," alijibu Mama Prof. Kisha akanyoosha kidole kwenye shina. "Na hapa chini kabisa ni mie. Niliwaletea zawadi ya harusi bila kuchimba kuona. Mama Zaina hana kosa, na bibi harusi hana. Mwenye kusema neno, aniambie mie."

Nimemwona Mama Prof akipokea vyeti, na mara moja mgeni wa serikali alimpa mkono mbele ya shule nzima, lakini sijawahi kumwonea fahari kama siku ile alipojitaja. Mama yangu alinyanyuka polepole, akakunja mkeka wake, akaenda kuutandika katikati ya wanawake wenzake. Walisogea wakampa nafasi.

Mihogo iling'olewa na kuchomwa, na ya bustani ya shule Mama Prof aliing'oa kwa mikono yake. Palikuwa na njaa kidogo, palikuwa na manung'uniko, siwezi kuficha. Vijiti safi vililetwa kutoka mbali, vikapandwa kwanza kwa mama yangu, na kila msimu Mama Prof alifika kuchuma majani ya kupima. Desturi haikufa. Ila bibi harusi wa Wamaza siku hizi hakatiwi kijiti mpaka mzizi uchimbwe mbele ya watu na jani lifike Kasongo. Mama Prof mwenyewe hakumpa mtu kijiti tena. Alikwenda kwenye harusi za wanafunzi wake akiwa na sufuria. Ukimtania, alibadilisha habari, na kwa mtu aliyependa ubishi namna ile, nilijua hapo panauma.

Mwaka huu Amina ameolewa, yule wa moyo wa chura. Mume wake ni wa upande wa Salamabila. Mama yangu alikuja kutoka Wamaza kwa moto, na mzigo wa vijiti umefungwa nyuma yake, vijiti vya muhogo ambao Mama Prof mwenyewe alikuwa ameuchimba mzizi na kuupima. Mama Prof, aliyekwisha kustaafu, alifika na sufuria mkono mmoja na kompyuta mgongoni, kwa kuwa hajawahi kwenda popote bila hiyo. Wakati wa kumkabidhi bibi harusi mbegu ulipofika, sote tulimtazama mama yangu. Yeye akauchukua mzigo, akavuka ua, akausimamisha mbele ya Mama Prof.

"Wewe ndiye utamupa."

"Mama Zaina, hapana. Unajua mukono wangu."

"Ulichimba?"

"Nilichimba."

"Na masini iliangalia?"

"Iliangalia mara mbili."

"Basi ni mukono gani mwengine natafuta?" alisema mama yangu. "Amina, kuja hapa upokee kwa mwalimu wako."

Mama Prof alisimama kwanza bila kujua aweke wapi miwani, kwa sababu machozi yalikuwa yakimharibia. Kisha akafungua kitenge kile cha maua mekundu mgongoni, akafunga vijiti ndani yake vizuri, akaviweka mgongoni kwa Amina na kukaza fundo kifuani. Amina akapiga magoti kidogo, kama tunavyofanya kwetu. Kompyuta ilibaki juu ya kiti, bila nguo, na mchana ule wote hakuna aliyeikumbuka.